Mbwa wa Kuswaga na Mbwa wa Kuchunga

Nikienda mnadani siku hizi, na siendi mara nyingi kwa sababu kiti changu cha nyumbani Nyahanga kinanielewa kuliko watu wengi, hakosi kijana wa kunivuta pembeni aniulize mtoto wa mbwa wa ng'ombe anachaguliwaje. Huwa najisikia mtu mkubwa. Nakohoa kwanza. Halafu nakumbuka kwamba mbwa wa kwanza niliyemchagua kwa macho yangu mwenyewe aliogopa ng'ombe, akaogopa mbuzi, akamwogopa hata jogoo wa jirani. Kitu pekee ambacho hakukiogopa ni jiko la mke wangu. Mama Masunga, ndiye huyo mke wangu, alisema hakuna cha kushangaza, mbwa amefanana na mwenye mbwa: wote safari yetu inaishia jikoni.

Kwa hiyo haya ninayowaandikia, vijana wangu, yapokeeni kama maelekezo ya njia kutoka kwa mtu aliyepotea mara nyingi. Pale ambapo barabara haipo napafahamu vizuri sana.

Mimi nilikuwa mswagaji. Siku hizi ng'ombe anapanda fuso, anasimama kule nyuma anatazama mashamba ya watu kama abiria aliyelipa nauli. Zamani tulimtembeza. Mfanyabiashara alinunua ng'ombe vijijini, mmoja huku, wawili kule, akatukabidhi, nasi tukawaswaga kwa miguu mpaka mnadani Shinyanga. Mtauliza mtu anayependa nyumbani kama mimi aliingiaje kazi ya kutembea. Kidato cha nne nilikimaliza. Matokeo yake nayo yakanimaliza. Baba hakutaka kuniona nimekaa kwenye kivuli cha nyumba yake, basi akanitafutia kazi isiyo na kivuli kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kupenda mbwa. Nilimpenda kwa sababu moja tu: alikimbia badala yangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Jilala, mtu mfupi, mkali, asiyeamini kitu mpaka kimkanyage. Alikuwa na vipimo vyake vya mtoto wa mbwa, na wengine wenu bado mnavitumia. Unamwinua kwa ngozi ya shingo, akilia, unamrudisha. Unamfungua kinywa uone kaakaa. Likiwa jeusi, ni mkali. Unawatawanya watoto mbali na mama yao, kisha unatazama anambeba nani kwanza. Hicho cha mwisho nilikijaribu peke yangu huko Kambarage kwa jamaa mmoja, na mama mbwa alianza na kidole changu. Sikujua kama nihesabu kwamba nimechaguliwa.

Kipimo chake kilichonikaa ni kingine. Alikuwa anaitupa kengele ya ng'ombe chini, katikati ya watoto wa mbwa, kwa kishindo. Wote wanatawanyika. Yeye hajali nani kakimbia. Anachuchumaa, anawasha sigara yake, anangoja aone nani anarudi mwenyewe kuinusa ile kengele. Nilimuuliza mara nyingi: huyo anayerudi anafikiria nini? Alinijibu kwamba ningekuwa nafikiria mimi kwanza, kazi ingekuwa imekwisha.

Swali hilo halijanitoka mpaka leo. Na lilinisumbua zaidi juzi juzi tu hapa, nikiwa nimeshastaafu, katika kisa ambacho ndicho nimekusudia kuwaeleza.

Mzee Jilala alikuwa na binti, sasa mtu mzima, mama wa watoto wakubwa. Anaitwa Mama Sayi, na kwa kuwa nilikula ugali wa baba yake miaka mingi, ananiita kaka. Aliolewa kijiji kimoja karibu na Runzewe. Mumewe alifariki, akaachwa na ng'ombe wa kutosha kulima, kukamua, na kusimama mbele ya watu kama mwenye mji. Sayi mwenyewe, mwanawe, yuko machimboni upande wa Geita. Anapiga simu kuliko anavyokuja. Kwa hiyo mama akaamua kuchunga mwenyewe. Mnajua watu. Mwanamke wa makamo, ana fimbo begani, ng'ombe nyuma yake. Maneno yalianza kabla vumbi halijatulia.

Lakini maneno hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mashimo. Kati ya zizi lake na lambo la kunyweshea kuna eneo ambalo kulitokea rashi, dhahabu ilionekana, watu wakafurika, wakachimba kila mahali, na ilipokatika wakaondoka bila kufukia. Maduara yale, ndiyo mashimo ya wachimbaji, yamebaki, mengine yameota majani mpaka midomoni. Ng'ombe hawezi kuyaona. Maksai wake mmoja alishatumbukia, na hakutoka mzima.

Hapo ndipo shemeji yake, Baba Limbu, mdogo wa marehemu, alipoingia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kujibiwa. Alisema ng'ombe wa kaka yake hawawezi kuisha mashimoni watu wakitazama. Akatoa muda: pamba ya msimu ule ikishauzwa atakuja kuona. Kama kuna mwingine ametumbukia, au kama ataona hawachungiki, anawahamishia kwenye zizi lake ng'ambo ya Runzewe. Angemletea maziwa, alisema. Mama Sayi alijua maana ya kuletewa maziwa. Ukiletewa maziwa leo, kesho unaomba jembe la kukokotwa, keshokutwa unaomba ruhusa.

Akanipigia simu. "Kaka, nitafutie mbwa."

Sikuwa nimetoka nyumbani kwa muda mrefu. Nilimwambia mke wangu labda nimwelekeze kwa simu tu. Mama Masunga akainuka. Alinifungia nguo kwenye mfuko, akauweka mlangoni, akaketi kwenye kiti changu. Nikaelewa.

Tulikuwa tumesikia habari za mbwa waliozaa sehemu mbili: moja kwa mfugaji mmoja mbali, nyingine kwenye machimbo ya karibu, nyuma ya kibanda cha mama ntilie. Nilitoa hoja nzito za kitaalamu kwa nini tuanze na machimboni. Mtoto wa mbwa aliyekulia machimboni hashtuki, nikasema, amezoea kelele. Hoja yangu nzito kuliko zote, ambayo sikuitaja, ni kwamba kwa mfugaji kulikuwa na mwendo wa kutwa.

Mama ntilie mwenyewe aliitwa Mama Zuhura, mtu wa Kigoma. Mbwa yeye hamgusi, dini haimruhusu, lakini huyu jike alijileta mwenyewe, akazaa nyuma ya magunia ya mkaa, na tangu hapo wezi wa unga wakapungua. Mama na mbwa wakakaa hivyo hivyo, kila mmoja na upande wake. Tulipomwambia shida yetu alisema, "Chukueni hata wote. Mimi sikuwahi kuwaalika."

Nikachuchumaa, magoti yakalia yote mawili. Karibu na pale kulikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inanguruma kiasi kwamba unaongea kwa mikono. Nikaitoa kengele aliyoniachia Mzee Jilala, nikaitupa. Mmoja tu hakukimbia. Dume jekundu, kifua kipana, aliirukia ile kengele akaibwekea, akaiuma, akaikokota. Nilimwinua kwa shingo, akanitazama kama mtu anayekudai radhi. Kaakaa jeusi. Pikipiki ya mchimbaji ikapita, akaikimbiza. Nikamwambia Mama Sayi kazi imekwisha, twende tukale.

Yeye alikuwa anaangalia kwingine. Kulikuwa na kajike kadogo ka rangi ya majivu, kalikuwa kamekimbia na wenzake, kakarudi, kakainusa kengele, halafu kakaketi. Basi. Kameketi tu, kanatazama wachimbaji waliopanga foleni ya wali maharage, kichwa kinakwenda huku na huku.

"Na huyu?" akaniuliza.

Nilicheka. Nilimweleza kwamba jike anakuletea madume ya kijiji kizima mlangoni, na zaidi ya hapo huyu hana moto, ni mtazamaji, kama mimi. Alikubali, kwa heshima ya baba yake aliyenifundisha. Lakini tulipoondoka niliona kikapu chake kinatikisika. Nilipomuuliza akasema wa kulinda kuku.

Dume nikamwita Komando. Jike, Mama Sayi akamwita Semeni. Nyie wa mjini mtadhani ni jina tu. Kwetu mbwa anapewa jina ili majirani wasikie, na kila asubuhi Mama Sayi aliposimama uani akamwita Semeni kwa sauti, walikuwepo watu kadhaa ng'ambo ya uzio ambao walikatiza mazungumzo.

Nikarudi Nyahanga kwenye kiti changu. Mvua zikanyesha, pamba ikapandwa, ikapaliliwa, ikachumwa. Mbwa wakakua. Pamba ilipokaribia kuuzwa, Mama Sayi akaniita nikamalizie kumfundisha Komando, maana siku ya shemeji ilikuwa inakuja.

Vijana, niseme ukweli, yule mbwa alikuwa mzuri. Nilipompigia mluzi alikwenda kama jiwe la manati. Anauma visigino, anaachia kabla hajapigwa teke, anarudi. Fahali ambaye Mama Sayi alikuwa anambembeleza kwa nusu asubuhi, Komando alimtoa zizini kabla sijamaliza kufunga kiatu. Nikatembea nyuma ya ng'ombe wale nikijiona kijana tena, mluzi mdomoni, fimbo juu. Mama Sayi alikuwa amebaki nyuma yangu na Semeni.

Tulipofika kwenye mashimo, ng'ombe walikuwa wanakimbia. Si sana, ule mwendo wa kawaida wa mswagaji. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho katika miaka yote ya barabara kuu sikuwahi kukiona, kwa sababu barabara kuu haina mashimo ya namna ile: ng'ombe anayekimbizwa na mbwa hatazami mbele. Jicho lake liko nyuma, kwa mbwa. Anakwenda asikokuona akitazama anakotoka.

Mtamba mmoja, mweupe, aliyekuwa bado hajazaa, aliteleza miguu ya nyuma ukingoni mwa duara. Ardhi ikameguka. Akabaki ananing'inia kwa kifua na miguu ya mbele, macho yametoka, na Komando akazidi kumbwekea kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha. Nilimrukia Komando nikamkumbatia kama ndugu. Mama Sayi alilala chini akamshika mtamba pembe, akawa anaongea naye kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Wachimbaji wa machimbo ya karibu walikuja na kamba. Walimtoa. Alikuwa amechubuka tu.

Lakini habari ya machimboni haihitaji simu. Baba Limbu akatuma ujumbe: hangoji pamba, anakuja wiki hiyo hiyo.

Jioni ile nilikaa uani. Nilijaribu kumweleza Mama Sayi kwamba Komando anahitaji kuzoea, kwamba tutampunguza kasi. Alikuwa anakamua. Akaniambia bila kugeuka:

"Kaka, wewe umezoea ng'ombe wasiotaka kwenda. Hawa wangu wanataka kwenda."

Nilikaa na neno hilo mpaka chakula kikaletwa. Mkilisoma haraka mtalipita. Ng'ombe wa mswagaji ni wageni kwake. Wametolewa kwao jana, kila mmoja anataka kurudi alikozaliwa, hawajuani hata wao kwa wao. Lazima uwe nyuma, uwe na kelele, uwe na mbwa wa moto. Ng'ombe wa mchungaji anajua lambo liko wapi kuliko wewe. Anataka kufika. Kazi yako ni asipotee katikati. Hizi ni kazi mbili, na mimi nilikuwa nimemchagulia mchungaji mbwa wa kuswaga, halafu nikamsifia huyo mbwa.

Asubuhi Komando alifungwa kamba. Mama Sayi akaniomba nitembee tu, nisipige mluzi, nisinyanyue fimbo, na kama naweza, nisitoe ushauri. Yeye alitangulia mbele. Alikuwa anaita, si kwa kelele, ule wito wa mtu anayejua ataitikiwa, na ng'ombe mkubwa wa madoa akamfuata, na wengine wakamfuata wa madoa, mstari mmoja. Nyuma kabisa alikuwa Semeni. Kichwa chini, mkia chini. Hakubweka. Kwa macho yangu ya kiswagaji alikuwa hafanyi kazi yoyote, anatembea tu.

Halafu ndama mmoja akaona majani mazuri upande wa mashimo, akatoka kwenye mstari. Semeni hakumkimbilia. Alizunguka mbali, kwa upande wa pili, mpaka akawa kati ya ndama na mashimo, akasimama akimtazama. Ndama naye akamtazama. Wakakaa hivyo. Kisha ndama akaona aibu, sina neno lingine, akarudi.

Sasa udadisi ukanishika kama homa. Mimi mtu wa kiti, nilimfuata yule mbwa siku kadhaa mfululizo, nikirudi miguu imevimba, nikimchunguza. Nilitaka kujua: alijuaje kuhusu mashimo? Nani alimwonyesha? Nikafikiri labda ananusa hewa ya chini. Nikafikiri labda aliona maksai anatumbukia, lakini wakati ule alikuwa hajazaliwa. Nikamweka kwenye eneo tambarare lisilo na shimo hata moja, na bado alifanya vile vile. Basi si mashimo.

Jibu nililipata kwa uvivu wangu. Mchana mmoja nilichoka, nikauacha mstari, nikaenda kuketi kwenye kichuguu. Mara namwona Semeni amesimama mbele yangu. Hakunguruma. Ananitazama magotini. Nikahamisha miguu, akahama. Nikajifanya namtazama ndege, akangoja. Mwishowe nikainuka nikarudi nyuma ya ng'ombe, naye akaenda zake. Kumbe mashimo hayajui kabisa. Kinachomkera ni nafasi. Akiona mmoja yuko peke yake na wengine wako pamoja, moyo wake hautulii mpaka ile nafasi ifungwe. Nikakumbuka namna alivyokuwa anaitazama foleni ya wali. Labda ni hapo alipojifunzia kwamba anayetoka kwenye mstari analeta matatizo. Labda nasema tu.

Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu mbwa wa nchi za baridi, mweusi na mweupe, anatambaa chini huku amewakazia macho kondoo, na kondoo wanatii bila kuguswa. Mlitaka kujua kama wetu wanaweza. Mimi naona mbwa wetu wengi wa namna hiyo tumewaacha nyuma ya magunia ya mkaa, kwa sababu hawakubweka tulipopita.

Baba Limbu alikuja mwisho wa juma, asubuhi, amevaa viatu vya safari na ana fimbo mpya. Wakasalimiana. "Mwangaluka, shemeji." "Mwangaluka." Nami nikapewa shikamoo yangu, nikaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa zizini. Akamwona mtamba mweupe na yale machubuko. Akasema hakuja kugombana, amekuja kutembea nao mpaka lambo, aone kwa macho, na akirudi atasema la kusema. Kisha akauliza mbwa yuko wapi. Akaonyeshwa Semeni. Alimtazama, akanitazama mimi, na nadhani alinisikitikia.

Tukaondoka. Mama Sayi mbele, anaita. Ng'ombe wa madoa, wengine, mimi na Baba Limbu nyuma, Semeni ubavuni. Baba Limbu alivumilia mpaka njia panda, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu mbwa hafanyi kitu. Nikamwambia hata mimi nilisema hivyo. Akadhani nimekubaliana naye.

Mashimoni, mtamba mweupe akatoka. Sijui kwa nini yeye tena. Labda alikuwa bado na hofu ya mahali pale, akaona heri apite mbali. Alikuwa anatembea upande wa maduara yenye majani. Semeni alikwishaanza kuzunguka. Lakini Baba Limbu naye aliona, na alikuwa mtu wa kazi, hakuweza kutazama tu. Akachomoka kwenye mstari, fimbo juu, anapiga kelele, anamkimbilia mtamba kutoka upande huu. Mtamba akainua kichwa. Nilijua jicho lile. Kama Baba Limbu angepiga hatua chache zaidi, yule mnyama angekimbia akitazama nyuma, na mbele yake kulikuwa na shimo na kambwa kadogo ka majivu.

Mama Sayi aligeuka. Hakupaza sauti.

"Shemeji, simama hapo hapo ulipo."

Akasimama. Nadhani alisimama kwa mshangao tu, maana sidhani kama kuna mwanamke aliwahi kumwambia asimame. Fimbo ilibaki juu. Semeni naye amesimama, upande wa pili, majani yamemfika tumboni. Mtamba katikati, masikio yanakwenda huku na huku. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi na kofia. Kisha Mama Sayi akawapa mgongo wote watatu, akaanza kutembea, akaita. Ng'ombe wa madoa akaitikia. Mstari ukasogea. Mtamba akaona wenzake wanaondoka, akamtazama Semeni mara moja, akashusha kichwa, akawafuata kwa mwendo wa kutembea, kama hakukuwa na lolote.

Baba Limbu alikuwa bado kule nje, peke yake, fimbo imeanza kushuka yenyewe. Semeni akamzunguka. Akasimama nyuma yake, akamgusa kwa pua chini ya goti, hivi, kidogo tu. Mzee mzima akatembea akarudi kwenye mstari. Sikucheka. Ningecheka ningepoteza ng'ombe wa watu.

Lambo tulilifikia wote. Ng'ombe wakaingia maji ya magoti wakanywa. Mimi na Mama Sayi tukaketi karibu nao, tukatoa viazi. Baba Limbu alikwenda kuketi mbali, katikati ya pale tulipo na njia ya kurudia, akavua viatu, akakaa anatazama maji. Alikuwa na maneno aliyotoka nayo nyumbani kwake, ilionekana, na alikuwa anayageuza geuza. Semeni alimfuata, akasimama mbele yake, hatikisiki.

Yakapita maji mengi matumboni mwa ng'ombe. Mwishowe Baba Limbu akaita: "Shemeji, huyu mbwa mbona ananitazama?"

Mama Sayi alikuwa anamenya kiazi.

"Anangoja uondoke au uje," akasema. "Hapo katikati hapataki."

Baba Limbu alitazama njia. Akamtazama mtamba mweupe, aliyekuwa anajipangusa pua ubavuni mwa ng'ombe wa madoa. Kisha akaokota viatu vyake kwa mkono mmoja, fimbo kwa mwingine, akaja pekupeku mpaka tulipo, akaketi, akapewa kiazi. Habari ya kuhamisha ng'ombe hakuitaja, siku ile wala siku nyingine. Aliuliza tu kama kuna chumvi.

Semeni akazunguka mara moja, akatuhesabu kwa namna yake, akalala.